Moto Husafisha Nini?

Kila mwaka, kiangazi kikielekea mwisho, moshi hupanda juu ya mashamba ya Kasongo na Kabambare. Tumekata miti, tumeiacha ikauke, sasa twachoma, ili mvua ikute majivu tayari kwa mpunga na mahindi. Wazee wetu walifanya hivyo, nasi twasema kama wao: moto husafisha shamba.

Kwa miti na magugu neno hilo lina ukweli. Lakini siku hizi juu ya rundo lile lile twatupa pia redio mbovu, nyaya, na godoro la sponji lililochakaa. Baadhi ya vitu hivyo vilitiwa kiwandani dawa ya kuzuia visishike moto upesi, nayo mara nyingi ina bromini. Katika moto wa wazi dawa hiyo haimalizwi. Sehemu yake hupanda na moshi, sehemu hugeuka kuwa sumu kali kuliko ya kwanza, kisha huanguka juu ya majani ya mihogo, yetu na ya jirani.

Mwaka 1973, katika jimbo la Michigan huko Marekani, magunia ya dawa ya namna hiyo yalidhaniwa kuwa ni kitu cha kuchanganya katika chakula cha mifugo. Ng'ombe wapatao 30,000 waliuawa na kufukiwa, na kuku zaidi ya milioni moja. Wakulima hawakukosa neno. Walinunua chakula cha ng'ombe, basi. Kiwanda chenyewe, katika mji wa St. Louis, kilifungwa mwaka 1978, lakini ardhi yake ilibaki na sumu za kila aina. Miaka arobaini baadaye mafundi walichimbia vyuma vya joto ardhini mahali hapo, wakachemsha udongo mpaka sumu nyingi zikawa mvuke. Mvuke haukuachwa uende zake. Mabomba yaliuvuta, ukakamatwa na kusafishwa.

Basi hapo ndipo penye tofauti. Wao wanatumia joto kama sisi, lakini wameweka kifuniko. (Udongo uliochomwa sana nao huwa mfu, hata mnyoo haumo, wahitaji mbolea na miaka.)

Wachimbaji wa dhahabu wa Kabambare wanaotumia zebaki walijue jambo hili. Anayeichoma zebaki katika sufuria wazi huona dhahabu imebaki safi, na kumbe uchafu umehamia katika mapafu yake na katika bustani ya mama aliye chini ya upepo. Je, huyo amesafisha? Sisi twasema amehamisha tu, tena bila kumwuliza anayepokea. Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kurudisha zebaki katika chupa, chamlinda jirani, na mwenye mali hapotezi zebaki yake.

Hata hivyo hatuwezi kumwambia mama wa Kasongo, "Usichome godoro," kisha tukaenda zetu. Atalipeleka wapi? Gari la takataka halipiti kwake, na mitambo ya Michigan hugharimu mamilioni ya dola. Aliyelitengeneza godoro na aliyeliuza walipata faida yao. Yeye ameachiwa mabaki. Kwa hiyo shauri hili ni la kijiji chote: chifu na wazee wachague mahali pakavu, mbali na kisima na shamba, palipoezekwa, na vitu hivyo viwekwe hapo bila kuchomwa. Kabla ya kiberiti cha kiangazi kijacho, na tupitie rundo letu kwa mikono, tutoe nyaya na sponji.