Waliobeba Dawa Wakafa kwa Kuhara

Mwaka 1917 wanaume wa Kitui walichukuliwa kwa maelfu kwenda Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, pamoja na wenzao wa Machakos, wilaya ambayo enzi hizo ilikuwa na sehemu kubwa ya Makueni ya leo ndani yake. Hawakupewa bunduki. Mbung'o walikuwa wamewamaliza nyumbu na ng'ombe wa jeshi la Uingereza katika koloni la Wajerumani, Tanganyika ya baadaye, mvua imegeuza njia kuwa tope la kumeza magari, na kilichobaki cha kubebea mizigo ni kichwa cha mwanadamu. Ofisa wa kikoloni John Ainsworth alipewa kazi ya kuwakusanya watu, mwenzake Oscar Watkins akawasimamia. Kila mpagazi alitwishwa karibu kilo 25: unga, risasi, nyaya za simu, na masanduku ya dawa.

Masanduku hayo ya dawa ndiyo yanayonifanya niandike. Vita vilipokwisha, wapagazi walioandikwa kwamba wamekufa walizidi 40,000, na wasioandikwa Mungu ndiye anayewajua. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, nimonia na malaria. Kwa nimonia, wakati ule daktari hakuwa na la kufanya zaidi ya blanketi na uji. Lakini malaria ilikuwa na kwinini, na aina moja ya kuhara damu ilikuwa na emetini. Dawa zilikuwepo, zikasafiri juu ya vichwa vya watu hao hao, wakafa.

Ni rahisi kusema kwamba wakoloni hawakujali, na kusema hivyo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini tukiishia hapo hatujifunzi kitu, kwa sababu jeshi lile lilikuwa na mpango wa dawa, tena mpango mzuri. Bandarini kulikuwa na ghala kuu. Karibu na mapigano kulikuwa na ghala dogo la mbele. Ndani ya hospitali ya kijeshi kazi iligawanywa mikononi mwa watu mbalimbali: daktari akaandika, ofisa wa stoo akatunza akiba na vitabu vyake, sajenti aliyesomea kuchanganya dawa akazipima na kuzitia chupani, kisha mhudumu wa wodi akampelekea mgonjwa kitandani. Aliyeandika siye aliyeshika ufunguo, na aliyeshika ufunguo siye aliyemnywesha mgonjwa. Chupa ikipotea, ilijulikana imepotelea kwa nani.

Kasoro ilikuwa kwenye hesabu ya kwanza kabisa. Mpango ule ulipangiwa askari. Waliokaa mezani wakipiga hesabu ya vitanda, wahudumu na vidonge walihesabu wanaobeba bunduki, na wapagazi wakawekwa upande wa mizigo. Kikosi cha askari mia kadhaa kingeweza kufuatwa na wapagazi maelfu, na maelfu hao walitegemea mabaki ya huduma. Hospitali za wapagazi zilikuja kupanuliwa baadaye, watu wakiwa wamekwisha kuanguka njiani.

Hospitali hizo nazo zilipopanuliwa, zilikosa watu. Daktari mmoja mzungu, wasaidizi wachache kutoka India, na mgonjwa kutoka Kitui amelala mkekani akieleza maumivu yake kwa Kikamba kwa mtu asiyejua Kikamba wala Kiswahili cha kutosha. Kwinini ni chungu. Anayetiwa kidonge mkononi pasipo maelezo, na pasipo mtu wa kusimama mpaka akimeze, atakitema. Halafu kuna chakula, ambacho kwa mgonjwa wa tumbo huwezi kukitenga na dawa. Hawa walikuwa watu wa muthokoi na isyo, vyakula vinavyokaa motoni kwa saa nyingi. Jeshini walipewa unga wa mahindi, sufuria hazitoshi, kuni zimelowa, na amri ya kuondoka alfajiri. Unga usioiva uliwakwaruza matumbo, na kuhara kukaanza kabla hata ya vijidudu kuingia. Mwenye stoo ya dawa asipoongea na mwenye jiko, emetini inapotea bure.

Ndani ya vita hivyo hivyo kuna waliofanya vingine, na hapo ndipo penye funzo lenyewe. Mwaka 1917 Dakta John Arthur wa misheni ya Kikuyu aliwaongoza karibu vijana 2,000 wa misheni kwenda kubeba mizigo. Walitumwa kazi ile ile, katika nchi ile ile ya mbu. Lakini waliongozwa na watu waliowajua kwa majina, waliosema lugha yao, waliofuatilia wanachokula na nani ameamka na homa. Vifo vyao vilikuwa vichache mno wakilinganishwa na wapagazi wengine. Uganda nako, Meja Keane aliunda kikosi cha matibabu cha Waafrika, vijana waliosoma shule za misheni, wakafundishwa kufunga vidonda, kutoa dawa na kutunza daftari la wodi. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa katika visa hivi viwili. Kilichoongezeka ni watu waliofundishwa, waliotosha, na waliomjua mgonjwa.

Kosa la kutowaandika watu halikwisha na vita. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikulipwa kwa familia zao, serikali ikieleza kwamba wenyewe hawakupatikana: majina yaliandikwa ovyo, vijiji havikutajwa. Daftari lililomkosesha mgonjwa kidonge likamkosesha na mjane wake shilingi.

Ninayaleta haya kwa wasomaji wa Kitui na Makueni wa leo kwa sababu hesabu ile ya kwanza tunairudia. Tangu 2013 afya ni kazi ya kaunti. Makueni ilianza mwaka 2016 mpango wa familia kulipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na mimi nauhesabu kuwa miongoni mwa mambo ya heshima yaliyofanywa na serikali yoyote ya kaunti nchini. Lakini mlango ukifunguliwa kwa wengi, wa kwanza kuhisi ni dirisha la famasi. Siasa zetu hupenda kuzindua jengo, au kupiga picha mbele ya lori la KEMSA, mamlaka ya taifa ya ugavi wa dawa, linaloshusha katoni. Sijaona mwanasiasa akipiga picha na kadi ya stoo iliyojazwa vizuri.

Katika hospitali kubwa utaratibu unafahamika na unafanana sana na ule wa kijeshi: stoo kuu ina mtu wake, kaunta ya wagonjwa wa nje ina wake, wodi inaagiza kwa fomu ya S11, na dawa kali kama mofini na pethidini zinakaa kwenye kabati la DDA, yaani la dawa za hatari, lenye kufuli mbili na rejista yake. Mfamasia mwenye digrii amesoma miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Mwenye diploma amesoma miaka mitatu. Shida ni pale panapokuwa na vyumba vyote hivyo na mtu mmoja wa kuvizungukia. Yeye anaagiza, yeye anapokea, yeye anatoa, yeye anahesabu mwisho wa mwezi. Hata awe mwaminifu kiasi gani, siku akienda likizo ufunguo unaondoka naye, na mama aliyetoka Mutha tangu alfajiri anaambiwa dawa hakuna wakati zipo nyuma ya mlango.

Kwenye zahanati hali ni ngumu zaidi. Kule muuguzi ndiye anayepima, anayeandika, anayetoa dawa na anayetunza stoo, na bado anaitwa kuzalisha. Hatumlaumu. Tunachoweza kudai kwa mwakilishi wadi, bajeti inapopita, ni mkono wa pili kwenye kila stoo: mtu wa kuhesabu pamoja naye, ajira iliyoandikwa kando ya kila jengo jipya, na makabidhiano ya zamu yenye sahihi mbili, ya anayetoka na ya anayeingia, vidonge vimehesabiwa mbele ya wote wawili kabla ufunguo haujapokewa.