Shahidi Aliyekuwa Uwanjani



Amri ya tisa twaijua tangu mafundisho ya Kipaimara: tusimshuhudie jirani yetu uongo. Wengi wetu twadhani inamhusu mtu aliyesimama kizimbani. Lakini ushahidi hutolewa kila siku, magazetini na hata hapo nje ya mlango wa kanisa baada ya ibada. Hebu tumtazame mtu mmoja ambaye kwanza habari zake ziliandikwa na wengine, kisha kalamu ikawa mkononi mwake.

Derek Pringle alizaliwa Nairobi mwaka 1958. Baba yake, Don, Mwingereza, aliichezea timu ya Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, mwaka 1975. Timu hiyo ya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ilishindwa michezo yake yote mitatu. Mwezi Oktoba mwaka ule ule Don alifariki katika ajali ya gari nchini Kenya. Mwanawe alikuwa na miaka 17.

Kijana akaenda kusoma Cambridge, akaichezea kaunti ya Essex, na mwaka 1982, angali mwanafunzi, akaitwa timu ya taifa ya Uingereza. Katika miaka kumi alicheza michezo 30 ya ile mikubwa ya siku tano, akatoa wapigaji 70. Si hesabu ya aibu, wala si ya shujaa. Mara aliitwa, mara aliachwa, na magazeti hayakukosa la kusema.

Tarehe 25 Machi 1992, huko Melbourne, Uingereza ilikutana na Pakistan katika fainali ya Kombe la Dunia, mbele ya watu zaidi ya 87,000. Katika kriketi mpigaji hulinda vijiti vitatu nyuma yake. Akiukinga kwa mguu mpira ambao ungevigonga, hutolewa. Pringle aliamini amempata hivyo Javed Miandad, akamlilia mwamuzi. Mwamuzi akakataa. Miandad akaendelea mpaka akafikisha mikimbio 58. Siku ile Pringle alitoa wapigaji 3 na kuruhusu mikimbio 22 tu. Na Uingereza ikashindwa kwa mikimbio hiyo hiyo 22.

Mwaka 1993 aliacha kucheza, akawa mwandishi wa kriketi, kwanza katika gazeti la The Independent, baadaye The Daily Telegraph. Sasa yeye ndiye aliyeketi jukwaani na kuwaandika vijana walioangusha mpira.

Hapo ndipo penye jambo. Mtu wa namna hii ana majaribu mawili. La kwanza ni kuwaficha rafiki zake wa zamani. Lakini mpira ulioanguka umeanguka, na msomaji amenunua gazeti ajue kweli. Kunyamaza kwa ajili ya urafiki nako ni kushuhudia uongo. La pili ni kusahau jinsi mkono unavyotetemeka mpira unaposhuka kutoka juu na umati wote umekaa kimya. Hatusemi kwamba kila neno lake lilikuwa la upole. Kazi ile haina upole mwingi. Twasema tu kwamba aliyeandika alikuwa amesimama pale.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 4, watuonyesha Kuhani Mkuu aliyejaribiwa kama sisi, ila hakutenda dhambi. Hahukumu kutoka jukwaani. Wala hasemi kwamba kosa si kosa.

Nasi je? Mwinjilisti akikosea somo, au mtunza hazina akichelewesha hesabu, ni nani kati yetu wanaosema barazani aliyewahi kusimama kwenye mimbari ile, au kuhesabu sarafu zile usiku kwa taa? Hesabu iliyochelewa iulizwe, tena waziwazi, katika halmashauri ya kanisa, mwenyewe akiwapo. Na Jumapili hii, katika sala za maombezi, tuwataje waandishi wa habari, pamoja na wale wanaoandikwa.