Je, Umeisoma Barua Yangu?

Wazee wetu walisema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Walisema hivyo katika siku ambazo barua ilikaa njiani majuma mawili, ikapita mikononi mwa watu wengi, na aliyeiandika akakaa kungoja bila kujua kama imefika au imepotea. Siku hizi barua pepe yafika kabla mwandikaji hajainuka kitini. Tungedhani basi kwamba mashaka ya kungoja yamekwisha. Lakini sivyo, yamebadilika tu. Zamani tuliuliza, "Je, barua imefika?" Leo twauliza, "Je, ameisoma? Na kama ameisoma, mbona hajibu?"

Msomaji wetu mmoja, karani katika ofisi moja ya mjini, ametuletea swali juu ya jambo hili. Mkuu wake wa kazi hutia katika kila barua pepe aipelekayo ombi la stakabadhi ya kusomwa. Karani mwenzake alipoulizwa na kompyuta kama akubali kuipeleka stakabadhi hiyo, alibonyeza "Hapana," kisha akaifanya kazi aliyoagizwa katika barua ile na kuimaliza siku ile ile. Kesho yake aliitwa, akaulizwa ana siri gani. Msomaji wetu auliza: Je, kukataa kupeleka stakabadhi ni utovu wa adabu? Na kuidai, je, ni haki?

Swali laonekana dogo, lakini ndani yake limo jambo kubwa: mtu aweza kudai ajulishwe mambo ya mwenzake mpaka wapi?

Kwa ajili ya wale wasioijua stakabadhi hii, yafaa tuieleze kidogo. Mwandikaji akiiomba, ombi lake husafiri katika kichwa cha barua, mahali ambapo msomaji kwa kawaida hapaoni. Barua ikifunguliwa, kompyuta ya mpokeaji humwuliza kama akubali habari ya kufunguliwa kwake irudishwe kwa aliyeipeleka. Programu ya Outlook, itumikayo katika maofisi mengi, humwezesha mtu kuchagua moja katika mambo matatu: kupeleka daima, kutopeleka kamwe, au kuulizwa kila mara. Kanuni za stakabadhi hii ziliandikwa mwaka 1998, zikatengenezwa upya mwaka 2004 na tena mwaka 2017. Wataalamu walioziandika walikuwa watu waangalifu. Walihimiza kwamba mpokeaji aulizwe kwanza, na kwamba awe na hiari ya kukataa. Tena walieleza waziwazi ya kuwa stakabadhi ikisema barua imeonyeshwa katika kioo cha kompyuta, hiyo si ithibati kwamba mtu ameisoma, wala kwamba ameielewa.

Basi, wale wale walioitengeneza stakabadhi hii hawakuipa uzito ambao wakubwa wengi wa maofisi huipa leo.

Wengine watasema: "Lakini stakabadhi si jambo geni." Ni kweli. Wakubwa kwa umri watamkumbuka tarishi aliyepita ofisi kwa ofisi na daftari kwapani. Aliyepokea barua alitia sahihi katika daftari lile, na ikiwa baadaye alisema barua haikumfikia, daftari lilifunuliwa mbele yake. Hata leo mwananchi apelekaye barua katika ofisi ya serikali huchukua nakala mbili. Moja huiacha masijala, na ya pili hupigwa muhuri wa "Imepokelewa" akarudi nayo nyumbani. Posta nayo ina barua za rejista ambazo hazitolewi bila sahihi. Desturi hizi ni njema. Lakini tuangalie vizuri, maana sahihi ile ilishuhudia kitu kimoja tu, yaani kwamba bahasha imefika. Tarishi hakusimama nyuma ya kiti cha bwana kumtazama akisoma, wala hakurudi kutangaza, "Ameifungua saa nne na dakika kumi, nilimwona." Kama angefanya hivyo angefukuzwa, na kila mtu angesema amestahili.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Kujua kwamba barua imefika ni haki ya mwandikaji, kwa sababu barua ni kazi yake, naye anahitaji kujua kama imepotea. Lakini saa ya kuisoma, na muda wa kuifikiri, ni mali ya msomaji.

Sisi wenyewe hatuwezi kulisema jambo hili kama watu wasio na hatia. Miaka kadhaa iliyopita tulimwandikia mwalimu mmoja wa kijijini aliyekuwa akituletea habari, tukimwomba asahihishe makala yake kabla ya siku ya kupiga chapa. Tuliomba stakabadhi, nayo ikarudi baada ya saa moja. Tulingoja siku tatu bila neno. Tukaona tumedharauliwa, tukamwandikia barua kali: "Tunajua kwamba umeisoma." Jibu lilikuja baada ya juma zima. Mwalimu yule alikuwa hospitali ya wilaya akimwuguza mama yake. Kompyuta ilikuwa ya shule, na aliyeifungua barua alikuwa kijana mmoja wa ofisini aliyetafuta barua nyingine. Kompyuta ilipomwuliza kama apeleke stakabadhi, alibonyeza "Ndiyo," kwa kuwa aliona kukataa si adabu. Mwalimu hakutulaumu hata kidogo. Yeye ndiye aliyetuomba radhi. Barua ile ya radhi tunayo mpaka leo, na kila tuionapo twaona haya.

Tulikosa nini? Tulikosa kwa kudhani kwamba tumeujua moyo wa mtu kwa kuwa kompyuta imetuambia saa. Stakabadhi ilisema barua imefunguliwa. Sisi tukaongeza kwamba imesomwa, tukaongeza tena kwamba imedharauliwa. Maneno yale mawili ya nyongeza yalikuwa yetu, wala hayakuwa ya kweli. Na kwa upande mwingine, stakabadhi isiporudi haithibitishi kwamba barua haikusomwa. Mtu aweza kukataa kuipeleka, au kuisoma barua katika programu isiyotoa stakabadhi kabisa. Hivyo shahidi huyu husema asilolijua, na pengine hunyamaza juu ya lile alilopaswa kulisema. Hakimu mwenye busara hangemhukumu mtu kwa ushahidi kama huo.

Tena, hata kama stakabadhi isingekosea kamwe, bado lingebaki jambo moja. Kati ya kusoma na kujibu kuna nafasi, na nafasi hiyo ina kazi yake. Mtu apataye barua ya kumkasirisha huiweka kando, akalala, na asubuhi akajibu kwa maneno ambayo hatayajutia. Apataye barua ya kuombwa fedha huhesabu kwanza alicho nacho. Apataye habari ya msiba hunyamaza kwa muda. Stakabadhi huingia katika nafasi hiyo na kuanza kuhesabu dakika. Msomaji ajua kwamba mwenzake ajua, naye hujibu haraka ili asidhaniwe vibaya, hata kama jibu halijaiva. Je, tumepata faida gani kwa kulipata jibu upesi, ikiwa ni jibu la mtu asiyepewa nafasi ya kufikiri?

Adabu zetu zilikwisha kulitatua jambo hili mlangoni pa nyumba. Mgeni hupiga hodi. Akisikia "Karibu," huingia. Asipojibiwa hurudia, na akiisha kupiga hodi mara ya tatu huenda zake, wala haulizi majirani kama mwenye nyumba yumo ndani. Pengine yumo, pengine ana mgonjwa, au analala, au hana nguvu ya kupokea watu siku hiyo. Muungwana huliacha hilo kwa mwenye nyumba. Kuomba stakabadhi kwa wazi ni mfano wa hodi, nayo hodi si kosa. Kosa huanza mgeni anapokasirika kwa kutokaribishwa.

Lakini wako wasiopiga hodi, bali huchungulia dirishani. Hao hutia ndani ya barua pepe picha ndogo mno, ya ukubwa wa nukta moja, isiyoonekana kwa macho. Barua ikifunguliwa, picha hiyo huitwa kutoka katika kompyuta iliyo mbali, na kule huandikwa saa ya kufunguliwa, na mara nyingine hata eneo alipo msomaji. Mpelekaji hakumwomba mpokeaji ruhusa. Mwaka 2006 kamati ya washauri wa Umoja wa Ulaya katika ulinzi wa habari za watu ilipinga vikali upelelezi wa namna hii ufanywao bila idhini ya mpokeaji. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitia katika programu yake ya barua kinga ya kuuzuia. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, yataka habari za mtu zikusanywe kwa njia ya halali na ya wazi. Hata kama sheria zingekuwa kimya, dhamiri ingetosha. Afanyaye jambo kwa siri, kwa sababu ajua kwamba akiomba atakataliwa, amekwisha kujihukumu mwenyewe.

Hata hivyo, twasikia sauti ya upande wa pili, nayo ni sauti ya haki. Yuko kijana aliyepeleka maombi ya kazi mara kumi bila kujibiwa. Yuko mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe, ambaye kila akienda huambiwa, "Barua yako hatukuiona." Watu kama hao wakiomba stakabadhi, nani atawalaumu? Hawana masijala, hawana tarishi, hawana daftari. Stakabadhi ndiyo sahihi yao ya pekee. Mnyonge huitumia ili asipuuzwe. Mkubwa akiitumia juu ya walio chini yake hali ni nyingine kabisa, kwa sababu ombi la mkubwa si ombi tena: anayeweza kumwachisha mtu kazi akisema "tafadhali," mwenzake husikia "lazima."

Kwa hiyo, dawa ya kwanza iko mikononi mwa wapokeaji. Ofisi ambayo hujibu mara, "Barua yako tumeipata, tutakujibu kabla ya mwisho wa mwezi," haitaombwa stakabadhi na mtu. Jibu hilo ni maneno machache, nalo humtuliza mwandikaji kuliko stakabadhi mia, kwa kuwa limetoka kwa mtu wala si kwa mashine. Twalalamika kwamba twapelelezwa, hali tumewazoesha wenzetu kwamba bila kutupeleleza hatutajibu. Anayesikia hodi akanyamaza siku zote naye pia amevunja adabu. Na anayesema "Sijaiona barua yako," hali ameiona, huyo amesema uongo, hata kama kompyuta yake haikutoa ushahidi.

Dawa ya pili iko mikononi mwa waandikaji. Kama barua ina jambo la haraka, kama vile wito wa mkutano, siku ya mwisho ya zabuni, au agizo lenye hatari likichelewa, basi iandikwe ndani ya barua yenyewe, kwa maneno: "Naomba unijulishe kwamba umeipata, kwa sababu mkutano ni keshokutwa." Ombi hilo lina sababu yake, nayo sababu humheshimu anayeombwa. Au ainue simu aulize. Katika barua za kila siku stakabadhi isiombwe, maana anayeiomba kila mara huwaambia wenzake kila mara kwamba hawaamini.

Sasa tumjibu msomaji wetu. Katika barua za kazi, mkuu wa ofisi aweza kuweka kanuni kwamba stakabadhi zipelekwe, mradi aitangaze wazi na kwa sababu inayofahamika. Na kanuni hiyo ikiwepo, karani aifuate. Lakini pasipo kanuni, aliyebonyeza "Hapana" ameitumia hiari aliyopewa, wala hana deni. Alichodaiwa ni kazi, nayo ameifanya. Mkuu wake angekuwa na haki ya kumwuliza, "Kazi imekwisha?" Kumwuliza "Una siri gani?" hakukuwa haki, kwa sababu kuwa na nafasi yako ya kusoma na kufikiri si kuwa na siri. Na tunamshauri karani yule naye, safari nyingine akibonyeza "Hapana," aandike mstari mmoja: "Bwana, nimeipata, naifanya leo." Hapo mkuu atapata alichokihitaji, naye hatakuwa amepoteza kitu.

Mwalimu wetu yule wa kijijini angali akituandikia. Hatukumwomba stakabadhi tena. Mara nyingine jibu lake hukawia, nasi tukiwa na haraka humpigia simu, na kabla ya kuuliza habari ya makala twamwuliza kwanza habari za nyumbani.