Je, Kunyamaza Ni Kuridhia?

Sheria yetu imehukumu juu ya kimya mahali pawili, na hukumu hizo kwa kutazama juu juu zapingana. Mlangoni pa watu, mgeni hutaka idhini mara tatu. Asipojibiwa, yampasa arudi. Abu Musa al-Ashari alifanya hivyo mlangoni pa Sayyidna Umar, na Umar alipomwuliza sababu ya kuondoka, hakumwachilia mpaka alipoletewa shahidi kwamba ndivyo alivyoamrisha Mtume (S.A.W.). Hapo kimya maana yake ni kukataa. Walakini bikira akiulizwa habari ya kuozwa, akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa idhini. Vipi kitu kimoja kikawa na maana mbili?

Nionavyo, tofauti haimo katika kimya, imo katika swali. Mtume alipoambiwa kuwa bikira huona haya kusema, alimsamehe kusema. Hakumsamehe walii kuuliza. Sisi tumekishika kimya, tukaliacha swali.

Tazameni Bondeni, hapa Nakuru, au popote penye nyumba za vyumba vinavyotazamana, ua mmoja na bomba moja la maji. Pazia ndilo mlango. Mtu husema "hodi" ilhali kichwa chake kimekwisha ingia, na mwenye chumba, kwa kumstahi jirani, hutabasamu. Hodi hiyo si kuomba, ni kutangaza. Sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28, imetukataza kuingia mpaka turuhusiwe, na tukiambiwa turudi, turudi.

Arusini mambo ni yale yale. Binti hupelekewa swali siku ya nikaha, mahari yamekwisha pokewa, pilau i jikoni, mashangazi wamemzunguka, na wazee wamekaa msikitini wakingoja. Nani aweza kusema "sitaki" hapo? Anyamaze au alie, hutoka mtu akasema: "Ameridhia."

Wapo watakaonijibu kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii baba aweza kumwoza binti yake bikira bila ya idhini yake. Ni kweli, na wanavyuoni hao hao wameweka masharti, wakasema kumtaka shauri ni sunna. Ama wanavyuoni wa Kihanafi, ambao wafuasi wao twasali nao safu moja mjini humu, wamekataa binti baleghe kulazimishwa. Ibn Taymiyya naye alisema baba hana ruhusa ya kutumia mali ya binti mwenye akili timamu pasipo idhini yake. Basi itakuwaje nafsi yake, iliyo kubwa kuliko mali? Khansa binti Khidham, aliyekwisha kuolewa kabla, aliozwa na baba yake naye hakutaka. Akamwendea Mtume, na ndoa ikavunjwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 45, imeijenga ndoa juu ya ridhaa huru ya wawili. Hilo si geni kwetu.

Basi binti aulizwe faraghani, kabla ya posa kujibiwa, na mama yake au mtu amwaminiye; tena aambiwe wazi kwamba akikataa, wajumbe watarudishwa wala yeye hatalaumiwa. Akinyamaza baada ya hayo, na uso wake hauna huzuni, ndicho kimya kile cha haya. Na akilia, aulizwe tena siku nyingine.