Nimeshona Mwenyewe: Je, Nimeepukana na Kiburi?



Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulijadili lilinijia kwenye meza ya kukatia vitambaa, si darasani. Mtu anapenda kuvaa vizuri. Badala ya kununua nguo za fasheni kwa bei kubwa, anajishonea mwenyewe kwa gharama ndogo. Je, mtu huyo ameepukana na kiburi na israfu? Nilikuwa na hakika kwamba jibu ni ndiyo. Leo sina hakika hiyo, na nitaeleza jinsi nilivyoipoteza.

Ninaishi na mama yangu mdogo upande wa Zone Industrielle, hapa Bujumbura. Wazee wa huku wakikaa kuzungumza, hawachelewi kuitaja COTEBU, kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China, ambacho pamba ya uwanda wa Imbo ilikuwa ikiingia na kutoka ikiwa vitenge. COTEBU ilifungwa, baadaye Afritextile ikachukua nafasi yake. Sisi wanafunzi wengi wetu tunavaa mitumba. Mama mdogo hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Alijifunza ushonaji kwa mafundi wa Buyenzi, na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa mguu, kwa hiyo umeme ukikatika yeye anaendelea tu.

Mwaka jana mgeni alituletea namba kadhaa za zamani za gazeti la Burda, za Kifaransa. Gazeti hili ni la Ujerumani. Aenne Burda alilianzisha katika mji wa Offenburg miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kuanzia 1952 likawa linatiwa patroni ndani yake, ili mwanamke wa kawaida aweze kujishonea fasheni asiyoweza kuinunua. Unafungua katikati unakuta karatasi kubwa iliyokunjwa. Ukiikunjua, kichwa kinauma: mistari ya nguo nyingi imepandana kama ramani ya barabara za mji mzima. Unatafuta nguo yako, unafuata mstari wa saizi yako peke yake, unaunakili kwenye karatasi nyingine, kisha unaongeza nafasi ya mshono, kwa sababu Burda haiiweki. Sentimita moja na nusu ubavuni, sentimita nne kwenye pindo. Ukisahau, umekwisha.

Kwa Kifaransa neno hilo patroni lina maana mbili: karatasi ya kukatia, na bosi. Nilicheka nilipolifikiria, lakini tangu mwanzo nilijua kwamba gazeti halitakuwa bosi wangu. Gauni nililolipenda lilikuwa na mikono mifupi na shingo wazi. Nikarefusha mikono, nikaziba shingo, nikashusha pindo mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nilijiona mwanafunzi hodari wa fiqhi: nimechukua fasheni, nimeivika sitara. Sikujua kwamba bosi mwingine alikuwa ameshakaa mezani.

Mama mdogo alinipima kwa futi yake, tukasoma jedwali la gazeti. Kipimo kilisema 42. Dukani nilizoea kusema mimi ni 40, na kwenye jedwali tofauti ya saizi moja na nyingine ni sentimita nne tu. Mama mdogo alipoingia jikoni, nilifuata mstari wa 40. Nikajiambia kwamba kitambaa kitajivuta, na kwamba nitashona ukingoni kabisa ili nipate nafasi. Hakuna aliyenilazimisha. Chumbani nilikuwa peke yangu na karatasi na kalamu, na bado nilidanganya. Nilimdanganya nani?

Gauni lilipoisha lilinipendeza nikiwa nimesimama mbele ya kioo. Magharibi ikaingia, nikajitupia kanga juu yake, tukasali pamoja na mama mdogo. Katika sijda ya kwanza mshono wa ubavuni uliachia, na sauti yake ilisikika chumba kizima. Baada ya salamu mama mdogo aliinua kanga, akatazama, akasema: "Mwanangu, nguo hii inakubali kusimama tu." Hakusema zaidi. Mita tatu za kitambaa alikuwa amezinunua yeye.

Tulilitengeneza kwa kutia vipande vya mabaki ubavuni kutoka kwapani mpaka chini, na wallahi likawa zuri kuliko mwanzo. Siku ya Idi nililivaa. Akina dada walinizunguka wakiuliza nimelinunua wapi, nami nilikuwa nikilisubiri swali hilo tangu alfajiri. "Nimeshona mwenyewe," nikasema, nikataja na gharama. Kisha nikaongeza kwamba sielewi kwa nini mtu aje Idi na nguo ya zamani wakati kitambaa ni rahisi hivi.

Miongoni mwao alikuwapo rafiki yangu ambaye gauni lake nilishaliona Idi mbili kabla ya hiyo. Wiki tatu zilizofuata hakuonekana kwenye darsa yetu ya Alhamisi. Nilipomfuata kumuuliza kama anaumwa, alinijibu kwa upole tu: "Kwetu hakuna cherehani, dada. Na hicho kitambaa unachokiita rahisi, kwetu ni chakula cha wiki."

Hapo ndipo nilipokumbuka hadithi ambayo sote tunaijua, iliyopokelewa katika Sahih Muslim. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba mwenye chembe ya kiburi moyoni haingii Peponi. Mtu mmoja akaingiwa na wasiwasi, akauliza kuhusu yule anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Sehemu ya kwanza ya jibu hilo nilikuwa naitumia sana, kila nilipolaumiwa kwa kupenda nguo. Sehemu ya pili nilikuwa naipita haraka. Ukiitazama vizuri, haitaji kitambaa, wala bei, wala duka. Inataja mambo mawili tu, na mimi nilikuwa nimeyafanya yote mawili kwa gauni moja. Futi iliniletea ukweli, nikaukataa kwa sababu haukunipendeza. Kisha nikamdharau mwenzangu mbele ya watu. Nguo haikuwa ya gharama wala ya dukani, na haikukosa sitara. Kiburi hakikuhitaji hata kimoja katika hivyo.

Ndugu msomaji, huenda ukasema: basi suluhisho ni kuachana kabisa na habari za fasheni. Wako wanaosema hivyo, na wana hoja. Anas (r.a.) amesimulia kwamba alimwona Umar (r.a.), wakati huo akiwa kiongozi wa Waislamu, amevaa nguo yenye viraka vitatu baina ya mabega. Pia tumeonywa kuhusu nguo ya umaarufu, ambayo mtu huivaa ili anyooshewe kidole. Hoja hii siipuuzi. Lakini Ibn Abbas (r.a.) alipotumwa na Ali (r.a.) kwenda kujadiliana na Makhawariji, alivaa vazi zuri kabisa la Yemen, na walipomlaumu aliwajibu kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) amevaa mavazi mazuri kuliko yote. Ukiziweka habari hizi mbili pamoja, huwezi kusema kwamba kiraka ndicho unyenyekevu na vazi la Yemen ndilo kiburi. Umar hakukitumia kiraka chake kumdharau mtu. Nami najua, kwa kujiangalia, kwamba hata kiraka mtu anaweza kukivaa ili aonekane. "Nimeshona mwenyewe" lilikuwa ndilo vazi langu la umaarufu. Gauni lilikuwa kisingizio tu.

Tena Qur'ani katika Sura al-Aaraf, aya ya 26, inalitaja vazi kuwa ni neema yenye kazi mbili, kusitiri na kupamba, kisha inatuambia kwamba vazi la ucha Mungu ni bora zaidi. Aya ya 31 inatuamrisha kuchukua mapambo yetu tuendapo kusali na inatukataza israfu, na ya 32 inamhoji anayeyaharamisha mapambo ambayo Mwenyezi Mungu amewatolea waja Wake. Kwa hiyo anayesema pambo ni haramu amezidisha, na anayesema pambo ni halali halafu akanyamaza amepunguza.

Je, kujishonea hakuna faida basi? Ipo, tena kubwa, lakini si ile niliyoidhania. Nilidhani kazi ya mkono inaisafisha nia. Haisafishi. Inachofanya ni kukuonyesha nia yako kabla hujatoka nje. Dukani unaweza kuvaa nguo isiyo kipimo chako miaka mitano na ukamlaumu aliyeishona. Mezani wewe ndiye uliyeshika kalamu, unajua ulifuata mstari upi na kwa nini. Mtume mwenyewe (s.a.w.), kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.), alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake. Na Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.) alisifika kwa kufanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka. Katika habari zote mbili mkono unafanya kazi, lakini sikuona mahali mkono unapojitangaza.

Kwa hiyo, kwa dada zangu mnaoshona, na kaka zangu mnaopeleka kanzu na suti kwa fundi, nina maswali matatu ambayo sasa najiuliza kabla ya kukata. Kipimo hiki ni changu, au ni cha mtu ninayetaka watu wadhani ni mimi? Nguo hii inaweza kurukuu na kusujudu? Na nikiulizwa nimeipata wapi, nitajibu nini, na nani atakuwa anasikiliza?

Kuhusu rafiki yangu: nilimwomba msamaha, akanisamehe. Nikamwambia nitamshonea gauni, akashukuru na kukataa, na nikaona haya kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitakavyowasimulia wengine. Sikumgusia tena. Baada ya mwezi hivi aliniuliza kama cherehani yetu huwa iko huru Jumamosi. Mama mdogo akasema iko huru. Anakuja, anakaa upande wake wa meza, na tunagombania futi moja. Yeye, mara ya kwanza tu kupimwa, alisoma namba yake kwa sauti, akaiandika ilivyo, akaanza kunakili.

Wallahu a'lam.