KUMTEGEMEA MUNGU NA HAYA YA KUULIZA NJIA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akajaalia ndani yake njia ili watu waongoke katika safari zao. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, zamani mtu wa Mombasa au wa Lamu alipokwenda Hijja alipanda jahazi au meli pamoja na watu wa mtaa wake. Waliokwisha kwenda waliwaongoza wasiokwenda, na safari ilikuwa ya majuma mengi, hata mtu akifika bara Arabu alikuwa amekwisha kufundishwa kila analolihitaji. Leo mtu hupanda ndege peke yake. Jioni yuko Changamwe akiagana na watoto wake, na alfajiri yuko katika mji asiomjua mtu wala hajulikani na mtu. Masafa yamefupika, lakini haja ya kuijua njia haikupungua, bali imezidi.

Mtume (s.a.w.) alichukia mtu kusafiri peke yake, na wanavyuoni wameeleza kuwa sababu yake ni khatari na upweke. Huenda mtu akasema: “Ndani ya ndege mna watu mia tatu, upweke uko wapi?” Nami namjibu kwa jambo lililonifika mwenyewe. Si jambo la kujifakhiri, lakini nimeona kulificha ni khiyana kwa wale wanaonisikiliza.

Katika mwaka 2019 nilikwenda Umra peke yangu. Tikiti yangu ilikuwa na ndege tatu: ya Mombasa hata Nairobi, ya Nairobi hata Dubai, na ya Dubai hata Jiddah. Kabla ya kuondoka, mtu mmoja alinijia na hirizi iliyoshonwa kwa ngozi, akaniambia niivae mkononi ili njia inifungukie. Mwingine alinishauri nisiondoke mpaka nitazamishiwe siku, kwa kuwa ulikuwa Mfungo Tano, nao watu wetu wamezoea kuudhania kuwa ni mwezi wa nuhsi. Niliwakemea wote wawili. Niliwaambia kuwa Mtume wetu amekwisha kuibatilisha itikadi hiyo ya nuhsi ya mwezi wa Safar, na kuwa mimi namtegemea Mwenyezi Mungu peke yake. Maneno hayo yalikuwa ya haki. Lakini mimi niliyeyasema sikuwa nimeisoma tikiti yangu vizuri, wala sikumwuliza yeyote aliyekwisha kupita njia ile.

Nilifika Dubai kabla ya Subhi. Nikasali, nikakoga, nikavaa nguo zangu za ihramu ili nitie nia ndani ya ndege tutakapokaribia mikati. Ndege ya Jiddah ilikuwa iondoke saa nane na dakika ishirini za mchana. Nikaketi katika chumba cha kusalia, nikasoma Kur'ani kwa utulivu, na kila mara nikitazama saa yangu ya mkononi. Saa hiyo nilikuwa nimeitengeza Mombasa, nami sikujua kuwa saa za Dubai zimetangulia zetu kwa saa moja.

Jambo linalonitia haya zaidi ni hili. Watu walisimama kusali Adhuhuri, na saa yangu yaonyesha saa tano na dakika ishirini. Mimi nimesoma ilimu ya mikati tangu utotoni, na nimewasomesha vijana kivuli cha adhuhuri na kivuli cha alasiri. Lau ningalifikiri kidogo tu ningalijua kuwa jua halikosei, na kwamba saa yangu ndiyo iliyokosa. Lakini niliwadhania watu wale kuwa wana haraka, nikaendelea kusoma. Jua lilinipa khabari, na ilimu yangu ilikuwamo kifuani, nami sikuitumia.

Nilipoinuka kwenda kwenye lango lililoandikwa katika kadi yangu ya kupandia ndege, nilikuta pameandikwa Karachi. Sikusikia mtu akitangaza chochote, kwani katika viwanja vikubwa vingi siku hizi abiria haitwi kwa sauti. Yampasa atazame mwenyewe zile mbao za khabari zinazowaka taa, maana lango huweza kubadilishwa wakati wowote. Nikasimama pale. Wafanyakazi walikuwa tele, lakini wengi wao si Waarabu, na Kiarabu changu cha vitabuni hakikunifaa. Nacho Kiingereza changu ni kidogo, nikaona haya kukisema kibovu mbele ya watu, nami nimevaa ihramu na ndevu zangu zina mvi. Nikazunguka huku na huku kadiri ya nusu saa, nikijifanya kuwa najua ninakokwenda. Wakati huo ndege ilikuwa imekwisha kuruka.

Aliyenitoa katika hali ile ni binti mmoja mwenye kusafisha sakafu. Aliiona pasipoti mkononi mwangu, akaja akanambia: “Shikamoo, baba. Wewe ni wa Kenya?” Nikamwitikia: “Marahaba, binti yangu.” Akaitwaa kadi yangu, akaisoma, akasikitika. Akaniuliza: “Baba, ulimwuliza mtu?” Nikamwambia: “Sikuuliza.” Akasema: “Hapa kila mtu huuliza. Mimi mwenyewe mwezi wa kwanza nilikuwa nikipotea kila siku.” Akaomba ruhusa kwa msimamizi wake, akanipeleka mwenyewe mpaka kwenye meza ya tikiti, akasimama kando yangu akinifasiria maneno mpaka nikapata nafasi katika ndege ya kesho yake. Nililipa fedha nyingine ambazo sikuzikadiria, nikalala juu ya kiti. Binti yule si Mwislamu. Nilipotaka kumpa kitu alikataa, akanambia nimwombee apate likizo amwone mama yake.

Usiku ule sikupata usingizi, nikawa naikumbuka Hijra ya Mtume wetu. Tazameni, ndugu zangu, jinsi ilivyokuwa. Hapana kiumbe aliyemtegemea Mwenyezi Mungu kuliko Muhammad (s.a.w.). Na juu ya hayo, alipotoka Makka katika mwaka 622 alitayarisha safari yake kama mtu asiye na tegemeo ila matayarisho yake. Alikaa siku tatu katika pango la Thaur, upande wa kusini, na hali Madina iko kaskazini. Abdallah mwana wa Abubakar alikuwa akiwaletea khabari za mjini usiku. Asmaa aliwatengezea chakula. Amir bin Fuhaira aliwaletea mbuzi, wakapata maziwa. Na kiongozi wa njia, Abdallah bin Uraikit, aliajiriwa kwa ujira, naye wakati huo alikuwa katika dini ya makureshi. Mtume alimwamini ngamia zake na roho yake kwa sababu aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuona haya kuongozwa njia na mtu asiyekuwa wa dini yake, mimi ni nani hata nione haya kumwuliza njia binti wa kwetu?

Na wanavyuoni wametaja sababu ya kuteremka aya ya 197 ya Sura ya Bakara, ile inayoamrisha kuchukua masurufu ya safari. Walikuwako watu wa Yaman wakenda Hijja bila ya chakula, wakisema kuwa wao ni wenye kumtegemea Mungu. Na wakifika Makka huomba watu. Wakakatazwa hayo. Basi masurufu si tende na fedha peke yake. Katika zama zetu kujua njia ni katika masurufu, na anayetoka bila ya hayo atakuwa mwombaji kama wale, hata kama mfuko wake umejaa.

Kwa hivyo nataka kutaja baadhi ya mambo ambayo watu wetu hukosea.

La kwanza ni hesabu ya saa. Tikiti huandikwa kwa hesabu ya saa ishirini na nne, na kila saa iliyoandikwa ni ya mji ule ndege inakoondoka au inakofika. Ikiandikwa Ijumaa 00:40, maana yake ni saa sita na dakika arubaini za usiku unaoufuata mchana wa Alkhamisi. Wazee wetu huuita huo usiku wa Ijumaa, kwani katika hesabu yetu usiku hutangulia mchana wake. Aliyeishika hesabu ya wazee wake hapotei hapo. Apotea yule aliyeiacha hiyo asijifunze na ile nyingine, akenda kiwanjani Ijumaa jioni, na ndege yake imeruka tangu usiku uliopita.

La pili ni ihramu. Anayekwenda Umra kwa njia ya Dubai hupita mkabala wa Qarnul-Manazil akiwa angani, kabla ya kushuka Jiddah. Wako wanaotia nguo zao za ihramu ndani ya sanduku kubwa, nalo likachukuliwa Nairobi likaingizwa tumboni mwa ndege; wakifika mikati hawana la kuvaa. Nguo za ihramu na ziwe katika mfuko wa mkononi, pamoja na pasipoti, dawa, na karatasi iliyoandikwa jina na simu ya jamaa wa nyumbani na ya mwenyeji wa huko.

La tatu ni Sala. Msafiri ameruhusiwa kupunguza rakaa nne zikawa mbili, kama ilivyotajwa katika Sura ya Nisaa, aya ya 101, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Lakini Magharibi haipunguzwi, na Subhi haipunguzwi wala haikusanywi na nyingine. Hii Subhi ndiyo inayowapita wengi, kwani ndege nyingi za kwetu huruka usiku, na ikielekea mashariki alfajiri huwahi kutoka kabla ya wakati wake wa nyumbani. Waulize wahudumu wa ndege, watakuonyesha mahali pa kusimama. Na aliyefunga asifungue kwa saa ya mji aliouacha. Afungue atakapoona yeye mwenyewe, hapo alipo, kuwa jua limekuchwa.

La nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni vijana wetu, wa kiume na wa kike, wanaokwenda nchi za Ghuba kufanya kazi. Wengine hutiwa ndani ya ndege na mawakala bila ya kuyajua yaliyoandikwa katika mkataba waliotia saini. Mzazi humtilia mwanawe hirizi ndani ya sanduku, wala hamwulizi mshahara wake ni kiasi gani, atamfanyia kazi nani, wala atakimbilia wapi akidhulumiwa. Hirizi haisomi mkataba. Mzazi mwenye kumpenda mwanawe na amtafute anayejua kusoma, ausome mkataba huo neno kwa neno kabla ya siku ya safari, na nakala yake na ya pasipoti zibaki nyumbani. Na balozi wetu ulipo katika nchi hiyo na simu yake, kijana aende navyo vimeandikwa.

Nawaomba wenzangu wa darsa hii tufanye jambo moja. Kila anayekusudia kusafiri na aje baada ya Sala ya Isha, akae na aliyekwisha kusafiri, aisome tikiti yake mbele yake. Mwanamke akae na mwanamke. Hili halina gharama, na ni katika kusaidiana juu ya wema.

Wala asione haya. Tumeamrishwa katika Sura ya Nahl, aya ya 43, tuwaulize wenye kujua ikiwa hatujui. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Na wahenga wetu wamesema: kuuliza si ujinga. Nami nasema kwa yale niliyoyaona kuwa mwenye kilemba ndiye aliye katika khatari zaidi, kwa sababu watu humdhania kuwa anajua, naye hupenda kudhaniwa hivyo. Ni wangapi kati yetu wasiojua kuitengeza Sala yao, au zaka ya mali yao, na umri unakwisha, na kinachowazuia ni kuwa wataonekanaje wakiuliza?

Ndugu zangu, mbele yetu sote iko safari ambayo kila mtu ataifunga peke yake. Huko hapana lango la pili wala ndege ya kesho yake, na atakayefika bila ya masurufu hatapata wa kumwazima. Muda wa kuuliza ni sasa, na wa kuwauliza tungali nao. Tuwaulize.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu, wa baharini na wa angani, awarudishe kwa watu wao na salama. Na amlipe binti yule kheri, amwongoze, na amkutanishe na mama yake. Amin.