Ushahidi wa Mita

Katika masuala ambayo wanazuoni wa dini na wa hikima hawakuacha kuyajadili tangu kale, moja ni hili: mtu akisema jambo la kweli ambalo hakulishuhudia, akalisema kana kwamba amelishuhudia, je, amesema kweli au amesema uongo? Kadhi hataabiki kulijibu, kwani shahidi aliyesimama mbele yake akathibitisha kwamba fulani alilipa deni lake mbele ya macho yake, hali yeye siku hiyo alikuwa safarini Pemba, ni shahidi wa zuri, yaani wa uongo, hata ikidhihiri baadaye kwamba deni lililipwa kwelikweli na kwa ukamilifu wake. Nakusudia kulitoa suala hili katika baraza la kadhi, nilipeleke mahali ambapo wengi hawatarajii kulikuta: maabara ya umeme, katika siku za mwanzo za kijana aliyekuja kujifunza uhandisi.

Kazi anayopewa ni sahali. Mbele yake pana chanzo cha umeme cha volti 10 na rezista mbili, vidude vidogo kuliko punje ya mpunga, kila kimoja kikiwa na miviringo ya rangi ya kahawia, nyeusi, manjano na dhahabu, ambayo mafundi huisoma kuwa ukinzani wa omu 100,000, ikizidi au ikipungua kwa 5 katika 100. Huziunga mfululizo, moja nyuma ya nyingine, kisha hutakiwa apime volti zilizoangukia ile ya pili. Kitabu kimekwisha kumwambia kwamba vitu viwili vilivyo sawa hugawana sawa, kwa hiyo kabla hajainua mkono anajua kuwa jawabu ni 5. Anachukua mita ya mshale, ya namna ile ya zamani iliyoandikwa usoni kwamba ina omu 20,000 kwa kila volti, anaiweka kwenye kipimo cha volti 10, anagusisha ncha zake, na mshale unapanda taratibu ukasimama kwenye 4. Anazigusisha tena. Anabana waya, anaigonga mita kwa ukucha, anachungulia daftari la jirani, na mshale haubanduki kwenye 4. Ndipo anapoandika 4.9. Haandiki 5 kamili, maana si mjinga, na ajua kwamba namba iliyonyooka kupita kiasi humtia mwalimu shaka. Kazi hii wanafunzi wenyewe huiita kupika matokeo, na kwa hakika huyu amepika, tena ametia na chumvi.

Sasa tuutazame mshale kwa insafu, kwani ndio uliotuhumiwa. Mita ile, katika kipimo cha volti 10, nayo ina ukinzani wake wa omu 200,000, na ilipowekwa ubavuni mwa rezista ya pili, mkondo wa umeme ulipata njia mbili za kupitia badala ya moja, ukinzani wa upande ule ukashuka hadi omu 67,000 hivi, na mgawanyo wa nusu kwa nusu ukavunjika. Volti zilizokuwapo pale wakati ule zilikuwa 4 hasa. Lau angalitumia mita ya tarakimu, ambayo aghalabu ukinzani wake wa ndani ni omu milioni 10, angalisoma 4.97 au 4.98, na asingalipata sababu ya kustaajabu. Kwa hiyo mita haikukosea, wala kitabu hakikukosea, kwa kuwa kitabu kilinena habari za saketi isiyoguswa, na mshale ukanena habari za saketi iliyoguswa nao. Aliyekosea ni yule wa tatu, aliyeletwa pale awe shahidi baina ya wawili hawa, akaificha kauli ya mmoja wao. Na namba aliyoificha ndiyo iliyokuwa somo la siku ile, somo la kwamba kupima nako ni kutenda, na kwamba chombo hakisimami nje ya kile kinachopimwa.

Mtu ataweza kunijibu kwamba nimekuza jambo dogo. Sura ya wapunjaji katika Kurani yaonya wale wanaokamilisha vipimo wanapopokea na kuvipunguza wanapotoa, na onyo lile laeleweka, kwa sababu kuna mnunuzi aliyepunjwa nafaka yake. Lakini kijana wetu amempunja nani? Namba 5 ndiyo ya kitabu, mwalimu aijua, na hakuna nyumba itakayoungua kwa ajili ya daftari la mwaka wa kwanza. Nakiri hoja hii ina nguvu kama tutautazama uongo kwa hasara inayomfikia jirani peke yake. Walakini maabara haikujengwa ili dunia ipate kujua kwamba nusu ya 10 ni 5. Ilijengwa ili mtu atoke katika daraja ya kuamini kwa kusikia aingie katika daraja ya yakini ya jicho, na mwenye kuandika alichosikia mahali pa alichokiona amefunga mlango huo kwa mkono wake, huku akidai kwamba amekwisha kuupita.

Georg Ohm, ambaye kwa jina lake tunapima ukinzani, alikuwa mwalimu wa skuli katika mji wa Cologne, Ujerumani, alipotangaza mwaka 1825 kanuni yake ya kwanza ya mkondo wa umeme, na kanuni ile haikuwa sahihi. Betri za siku hizo zilifanya kama kinda la ngamia, likianza kwa mbio na kuchoka njiani, hata nguvu yake ikawa inafifia wakati yeye angali akipima. Aliposhauriwa na mwanafizikia Poggendorff aziache, akatumia badala yake kiungo cha bizmuthi na shaba, ncha moja katika maji yachemkayo na ya pili katika barafu, umeme ukatulia, na vipimo vya mwaka 1826 vikamfikisha kwenye kanuni tunayoisomesha mpaka leo, ambayo aliieleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1827. Namba zake za awali zilikuwa namba za kweli za betri mbovu, ndiyo maana kosa liliwezekana kutafutwa na kuondolewa. Lau angalizipika zilingane na kanuni yake ya kwanza, pasingalikuwa na kitu cha kusahihisha.

Taksiri, hata hivyo, siiweki yote juu ya kijana. Kwa miaka mingi katika shule za Tanzania zisizo na maabara ulikuwapo mtihani mbadala wa vitendo, ambao mtahiniwa alisoma picha ya mita iliyochorwa karatasini, na mshale wa karatasi, kama ijulikanavyo, hausomi kamwe namba ya kuudhi. Yu wapi basi wa kumlaumu mtu aliyelelewa hivyo akifika chuoni akauona mshale wa kweli kuwa ndio wenye kasoro? Juu ya hayo iko ile ghururi ya wasomi, ya kudhani kuwa ilimu ni ya kichwa na mkono ni wa fundi, ghururi ambayo katika dini haina nasaba, kwani Nabii Daudi alilainishiwa chuma akaamrishwa atengeneze deraya na azipime pete zake sawasawa, na utume wake haukupungua kwa kushika chuma. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ilianzishwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wajifunze kazi za ufundi. Waanzilishi wake hawakuona haya kuziweka deraya na dini chini ya paa moja.

Tena huyu mpishi wa namba hatabaki daima na volti 10. Atakwenda kwenye umeme wa nyumba, volti 230, ambao mkondo wake mdogo sana, makumi machache ya sehemu za elfu za ampea, ukipita kifuani waweza kuua. Huko fundi mwenye adabu hupima waya ulio hai kwanza, ili ahakikishe kuwa kipimaji chake ni kizima, kisha hupima waya aliouzima, kisha hurudi kwenye ule ulio hai, na baada ya hayo ndipo amwambiapo mwenziwe: shika. Aliyezoea kuandika 4.9 bila ya kuiona atasema shika kwa sababu swichi imekwisha kuzimwa, na imekwisha kuzimwa ndivyo kitabu kisemavyo.

Kwa hiyo, enyi walimu wa mwaka wa kwanza, wapeni rezista zile mbili na mita ya mshale katika juma la mwanzo kabisa, wala msiwaonye kitakachotokea. Aliyeandika 4 mpeni alama zake zote, hata kama hajui sababu, na aliyeandika 4.9 mwiteni mezani, mumwambie aipime tena nanyi mkitazama.